Panya wa Bukavu hahitaji risasi

Saa nane ya usiku, Kadutu. Juu ya dari utadhani kuna mtu anahama nyumba: anakokota, anaangusha, anarudi kuchukua kilichobaki. Asubuhi gunia la unga wa muhogo limetobolewa chini kwenye pembe, kipande cha sabuni kimetafunwa, na nyuma ya sufuria kuna mavi meusi. Jirani aliyekesha na hizo kelele anatoa hukumu yake: “Papa, huyu apigwe bunduki tu.”

Tunacheka, lakini wako wanaouliza kwa dhati, hasa wenye mashamba Kabare na Walungu, ambako fuko anakula muhogo kwa chini na nyani anavuna mahindi kwa juu. Wanataka kujua bunduki gani inafaa. Jibu langu ni kwamba kwa panya, fuko na nyani wa hapa kwetu, hakuna inayofaa. Kinachofaa ni mtego uliotegwa mahali pake.

Kwanza tumalize habari ya bunduki

Sheria ya Kongo iko wazi. Silaha na risasi zina sheria yake ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji una ya kwake ya tarehe 28 Mei 1982. Huwezi kuweka bunduki nyumbani bila kibali, wala kuwinda bila ruhusa. Gobori la kuchongwa kijijini nalo ni bunduki. Lisipolipuka mikononi mwa mwenyewe, litamfikisha mahakamani.

Tuseme kibali unacho. Risasi ndogo kabisa ya kalibre 22, ambayo wenzetu wa nchi nyingine huitumia kwa sungura, inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Simama Nguba, juu ya mto Ruzizi, utazame ng'ambo: ile ni Rwanda. Panda Kadutu, ambako kizingiti cha nyumba yako kiko sawa na bati la jirani wa chini. Risasi iliyomkosa panya lazima itue mahali, na katika mji huu kila mahali pana mtu. Halafu kuna mlio wenyewe. Bukavu ikisikia mlio mmoja usiku, avenyu nzima inalala sakafuni, akina mama wanavuta watoto chini ya kitanda. Hakuna atakayefikiria panya.

Soma alama kabla ya kununua mtego

Panya wa nyumba zetu wengi ni yule mweusi, mwenye mkia mrefu kuliko mwili. Ni mpandaji. Anapita juu ya mbao za dari, kwenye waya wa umeme, kwenye mgomba unaogusa ukuta. Mavi yake yana urefu wa zaidi ya sentimita moja. Ukikuta ya nusu ya hapo, mgeni wako ni yule panya mdogo wa kabatini, ambaye mtego mkubwa haumfyatukii kwa sababu ya wepesi wake.

Usiku, watu wakishalala, chekecha majivu ya makala na unyunyize kidogo kando ya kuta, nyuma ya pipa na chini ya tundu lolote la dari. Asubuhi njia yake itaonekana kama barabara. Tazama pia mbao za juu: anapopita kila siku, manyoya yake huacha alama nyeusi yenye mafuta. Njia hiyo ndiyo utakayotega. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka mtego katikati ya chumba wiki nzima, nikalaumu chambo, nikalaumu fundi, kumbe panya walikuwa wakipita juu ya kichwa changu.

Funga jikoni, ziba ukuta

Mtego hauwezi kushindana na gunia lililo wazi. Unga, maharagwe, mchele na sambaza kavu viingie kwenye pipa au ndoo yenye kifuniko kinachobana. Vyombo vya jioni vioshwe usiku huohuo, na takataka zisilale ndani. Panya akikosa chakula ndipo atakapokiona chambo.

Kisha zunguka nyumba. Panya mdogo hupita kwenye tundu la upana wa kalamu. Mkubwa anahitaji upana wa kidole gumba tu. Tundu usilizibe kwa karatasi wala kitambaa, maana humo atatengeneza kitanda. Sokomeza waya wa kusugulia sufuria, kisha juu yake piga simenti. Kwenye nyumba za mbao, angalia panapokutana ubao na bati, au manjanja kama tunavyoyaita. Kata matawi na majani ya mgomba yanayogusa paa.

Nyumba zetu zimebanana, na panya hajui mpaka wa kiwanja. Ukitega peke yako, unapunguza wako huku wa jirani wanaongezeka. Tumieni salongo ya Jumamosi: mifereji isafishwe, lundo la taka liondolewe, na jioni hiyohiyo kila nyumba itege. Panya jike hubeba mimba kwa wiki tatu tu, na yule wa mashambani anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Mtaa ukitega kwa zamu, leo huyu na mwezi ujao yule, panya watazaa haraka kuliko mnavyowanasa.

Namna ya kutega

Mtego wa ubao na springi unatosha nyumba nyingi. Kabla ya kununua, ufyatue dukani kwa kijiti: ukisitasita, acha. Nunua mitano au sita badala ya mmoja, kwa sababu kazi hii inataka pigo la pamoja.

Panya mkubwa ni mwoga wa vitu vipya. Kwa siku tatu au nne za kwanza, weka mitego yenye chambo bila kuiwasha. Aje, ale, azoee. Usiku wa nne au wa tano, chambo kikiwa kinaliwa bila wasiwasi, washa yote kwa pamoja. Anayewasha usiku wa kwanza hunasa mtoto mmoja mjinga, na wakubwa wanajifunza.

Uweke mtego ukikingama na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya hutembea akiusugua ubavu wake. Wa darini ufunge kwa waya kwenye ubao anaopitia, la sivyo atajeruhiwa na kuuburuta hadi pembe ambayo huwezi kuifikia.

Chambo kiwe kidogo. Karanga iliyosagwa, kiasi cha punje ya harage, inatosha. Muhogo wa kuchoma unafaa, na sambaza mmoja mkavu anafaa kuliko vyote katika nyumba ambayo panya wameshiba unga. Mfunge sambaza kwa uzi kwenye kile kibati cha kufyatulia: akitaka kula, lazima avute. Chambo kilichowekwa tu juu, panya mzoefu hukichukua kama anayepokea chenji.

Kwa ghala au duka lenye panya wengi, kuna mtego wa ndoo. Toboa kopo la maziwa pande zote mbili, pitisha waya katikati, uweke waya huo juu ya mdomo wa ndoo ndefu. Paka karanga katikati ya kopo, egemeza ubao wa kupandia. Panya anakanyaga kopo, kopo linazunguka, anaangukia ndani, na mtego unabaki tayari kwa anayefuata. Ukitia maji ndani ya ndoo, usiiache mahali anapotambaa mtoto.

Gundi ya panya siipendekezi. Inamwacha mnyama akiteseka usiku kucha, akikojoa na kunya hapohapo, na wewe ndiye utakayemshika akiwa hai.

Asubuhi baada ya kunasa

Usimguse kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki kama glavu, mshike, ugeuze mfuko ndani nje, ufunge. Mzike mbali na maji, kina cha urefu wa mkono hadi kiwiko. Mahali alipokuwa pamwagie maji ya javeli, subiri dakika kadhaa, ndipo ufute. Usifagie mavi makavu, kwa sababu vumbi lake linaingia puani, yaloweshe kwanza. Mkojo wa panya hubeba leptospira, kijidudu kinachopita kwenye michubuko ya ngozi na kuharibu ini na figo.

Ukiona panya wanakufa wenyewe, wengi, na hakuna aliyeweka sumu, acha kutega na utoe habari kituo cha afya siku hiyohiyo. Kiroboto humkimbia panya aliyepoa na kumtafuta mwenye damu ya moto. Ndivyo tauni inavyoanza, na kaskazini yetu, huko Ituri, ugonjwa huo haujawahi kwisha kabisa.

Sumu iwe ya mwisho

Pakiti ndogo za sumu zinazozungushwa sokoni hazina maandishi ya kueleweka, na nyingine zina dawa kali za shamba ambazo chembe chache zinamwua mtoto. Hata ile ya kawaida, inayozuia damu kuganda, ina usumbufu wake: panya anakufa baada ya siku kadhaa, mara nyingi ndani ya dari, na nyumba inanuka kwa wiki mbili. Paka akimla anaweza kufa naye, na kesho yake panya waliobaki hawana wa kuwatisha.

Mtoto akimeza sumu, usimpe maziwa wala usimtapishe kwa chumvi. Mkimbize hospitali ukiwa na pakiti mkononi. Kwa sumu ya kuzuia damu kuganda iko dawa, vitamini K, ila daktari lazima ajue anapambana na nini.

Na anayetega kwa ajili ya chungu asichanganye shamba lake na la anayemwaga sumu. Panya buku aliyekula sumu hatofautiani kwa macho na aliyekula muhogo.

Fuko wa shambani

Fuko ana mtego wake wa zamani, na uzuri wake ni kwamba hautumii chambo. Unatumia tabia yake: hawezi kuvumilia mlango ulio wazi. Ukitoboa njia yake, hewa na mwanga vikaingia, atakuja kuziba.

Tafuta kichuguu chenye udongo mbichi wa leo. Chimba kando yake hadi uipate njia, kisha ifuate hadi sehemu iliyonyooka. Safisha mdomo wake kwa kisu. Ndani yake weka kitanzi cha waya mwembamba, kikienea ukuta wa njia pande zote. Nje chomeka fimbo mbichi inayopindika vizuri, ipinde, uifunge kwenye kitanzi. Kinachoizuia isinyooke ni uzi wa mgomba unaokatisha katikati ya njia, mbele kidogo ya kitanzi. Fuko anakuja akisukuma udongo, anakuta uzi unamzuia, anaukata kwa meno yake ya rangi ya machungwa. Fimbo inaruka juu na yeye ananing'inia. Sugua mikono kwa udongo kabla ya kugusa chochote, harufu ya sabuni inamrudisha nyuma. Pita kila baada ya saa moja au mbili.

Wengi hapa hupoteza nguvu: wanahesabu vichuguu ishirini, wanatega ishirini. Fuko huishi peke yake, na vichuguu vyote vilivyoungana kwa chini ni vya mmoja. Tega mara moja kwa kila mtandao. Ukishamtoa, bomoa njia zake kwa jembe, maana nyumba tupu haikosi mpangaji.

Tena, usimwue bundi kwa sababu mtu amesema ni wa wachawi. Anafanya kazi hii ya kuwinda panya kila usiku bila kuomba mshahara.

Unapokaribia pori

Kitanzi cha fuko kibaki ndani ya udongo wa shamba lako. Usikichukue kukitega juu ya ardhi kwenye ukingo wa Kahuzi-Biega. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1970, ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1980, na ndani yake wanaishi gorila wa Grauer, wasiopatikana mahali pengine duniani isipokuwa huku mashariki mwa Kongo. Waya uliotegewa paa haumjui gorila: unamshika kiganja, anavuta, unazama ndani ya nyama. Kwenye kituo cha sokwe yatima cha Lwiro wamo waliofika na vidonda vya aina hiyo.

Nyani wanaokuja shambani wanataka mlinzi. Gawaneni zamu na majirani, hasa asubuhi na jioni, mkiwa na mbwa na makopo ya kugonga. Mahindi na ndizi viwe karibu na nyumba. Upande wa pori pandeni wasichokipenda, kama chai. Wakizidi, waiteni walinzi wa mbuga. Kumwua mnyama anayelindwa kutakugharimu kuliko mahindi yote ya msimu.

Usiku wa mwisho

Ukinasa siku tatu mfululizo na ya nne ukakosa, usikusanye mitego. Nyunyiza majivu tena kando ya ukuta. Yakiamka na nyayo, hamisha mitego mita moja au mbili, ubadilishe chambo, uanze tena na usiku wa kuzoesha. Yakiamka safi, acha mitego imewaka wiki moja zaidi, kwa sababu huenda jike mmoja yuko juu ya dari amelalia watoto na hajashuka. Majivu yakilala safi siku saba, fagia. Hapo ndipo jirani yako wa bunduki atakuja kuuliza ulitumia sumu gani. Mwonyeshe sambaza na uzi.