Mtoto Ana Haki kwa Baba Yake



Katika somo letu la historia na serikali tumejifunza habari za haki za mtoto. Nimeona yafaa niwaandikieni machache juu ya haki moja, yaani haki ya kutunzwa na baba, hata kama baba huyo hakumwoa mama. Jambo hili latuhusu sana sisi wavulana.

Zamani, katika makabila mengi ya Kenya, kijana aliyempa binti mimba hakuweza kuikimbia. Wazee wa binti waliwaendea wazee wa kijana, nao wakadai mifugo. Lakini watu walipoanza kwenda kutafuta kazi mijini, kijana aliweza kutoweka, wala wazee wasimpate.

Ndipo mwaka 1959 ikatungwa sheria ya kumlazimisha baba wa namna hiyo atoe matunzo. Mwanamke asiye na mume aliweza kwenda kwa hakimu na kumtaja baba wa mtoto. Neno lake peke yake halikutosha. Ilimpasa kuleta ushahidi mwingine, kama vile barua au mtu aliyejua habari zao. Akishinda, mwanamume huyo aliamriwa kulipa fedha za kumlea mtoto.

Sheria hiyo ilidumu miaka 10 tu. Mwaka 1969 Bunge liliifuta, na baadhi ya Wabunge walisema kwamba wanawake waliitumia kujipatia fedha. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipinga, lakini hakikusikilizwa. Katika Bunge hilo hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa Mbunge, alichaguliwa mwishoni mwa mwaka huo huo, sheria ikiwa imekwisha kufutwa.

Hata Sheria ya Watoto ya 2001 ilimtwika mama mzigo kwanza, ikiwa wazazi hawakuoana. Katiba ya 2010 ndiyo iliyogeuza mambo. Ibara ya 53 yasema kuwa mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria mpya ya Watoto ikafuata mwaka 2022.

Tazameni tofauti iliyopo. Sheria ya 1959 ilikuwa madai ya mwanamke juu ya mwanamume, na waliomshuku mwanamke walipata sababu ya kuivunja. Katiba yasema haki ni ya mtoto mwenyewe. Nani atamshtaki mtoto mchanga kwa hila? Wazee wetu walisema, kitanda hakizai haramu.

Wengine watauliza, "Je, nikisingiziwa?" Zamani hofu hiyo ilikuwa na uzito. Siku hizi kuna kipimo cha vinasaba, nacho humwokoa asiye na hatia kama kinavyomtambulisha baba.

Hata hivyo sheria huja nyuma, mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa. Tangu 1994 Serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Lakini masomo yaliyompita yamempita, na mvulana hakukosa hata kipindi kimoja. Tena vidonge, sindano, vipandikizi na kitanzi, vyote hutumika katika mwili wa mwanamke. Kwa mwanamume iko mipira ya kondomu, na kufunga uzazi kwa aliyekwisha kupata watoto wake. Basi mzigo humwelemea mwanamke kabla ya mimba na baada yake.

Hakuna hakimu awezaye kumlazimisha kijana kujizuia, au kumwuliza msichana mapema, "Tukipata mtoto, tutamlea na nini?" Kazi hiyo ni yetu. Nawaomba wazazi na walimu watufundishe mambo haya sisi wavulana pia, wala wasiwaonye wasichana peke yao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne