Somo la Afya: Dawa ya Ng'ombe Haiponyi Baridi Yabisi

Mkulima wa Kibabii, au wewe wa skimu za Ndalu na Naitiri, pengine umeamka alfajiri kwenda kukamua, na vidole havikunjiki. Zizini ipo chupa ya dawa ya sindano iliyobaki ng'ombe alipougua. Je, yaweza kukuponya nawe? La, usijaribu. Maumivu ya viungo ni ya namna nyingi. Hapa tutaeleza mbili, maana dawa zake hazilingani.

Ya kwanza ni brusela, ugonjwa wa vijidudu. Ng'ombe mwenye brusela hutupa mimba. Mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kondo na ndama aliyetupwa bila kuvaa glavu. Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku, na maumivu ya mgongo, nyonga na magoti. Huu huponywa kwa dawa za kuua vijidudu. Kwa kawaida daktari hutoa dawa mbili pamoja, kwa wiki 6. Ukiacha katikati, waweza kurudiwa.

Ya pili ni baridi yabisi ya kinga ya mwili. Kinga hukosea adui, ikashambulia viungo vya mwenyewe. Vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Wataalamu wengine walidhani nayo huletwa na vijidudu. Mwaka 1995 madaktari wa Marekani walitoa habari za kujaribu minosaiklini, dawa ya vijidudu, kwa wiki 48. Nafuu ilionekana, lakini ndogo. Leo dawa inayotangulizwa ni methotreksati, inayotumiwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Ukichelewa kutibiwa, viungo huharibika na vidole hupinda. Na vidole vilivyopinda havishiki jembe.

Basi, fanya hivi:

1. Nenda hospitali, Bungoma au Kitale, upimwe. Mwambie daktari kwamba unafuga ng'ombe, na kama hunywa maziwa mabichi.

2. Chemsha maziwa yote kabla ya kunywa.

3. Ng'ombe akitupa mimba, mwite daktari wa mifugo.

4. Dawa ya ng'ombe mwachie ng'ombe.