Ukitaka Kuwa Msomi wa Sheria na Dini, Anza na Jalada

Usianze na mada pana kama "uhusiano wa dini na dola Tanzania". Tasnifu ya namna hiyo haimaliziki, na ikimalizika haisomwi. Anza na kesi moja, uijue kuanzia hati ya mashtaka hadi neno la mwisho la hukumu.

Chukua kesi ya Hamisi Rajabu Dibagula dhidi ya Jamhuri, rufani ya jinai namba 53 ya mwaka 2001. Dibagula alishtakiwa Morogoro kwa kutamka kwenye mhadhara wa hadhara kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mahakama ya wilaya ilimhukumu kifungo cha miezi 18 chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza maneno yanayosemwa kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Mahakama ya Rufani ikaitengua hatia hiyo. Mwanasheria atakuonyesha haraka kiini cha uamuzi: upande wa mashtaka ulipaswa kuthibitisha kusudi la kuumiza. Ni kweli, lakini hapo hujafika nusu ya njia. Maneno yaleyale ni imani ya kawaida kwa Mwislamu, na Mkristo akiyasikia yanamgusa mahali nyeti kuliko pote. Mihadhara ile ilitoka wapi? Nani alikuwa akiihudhuria, na watu walikuwa wakijibizana kwa kanuni gani? Na hakimu, akitaka kutofautisha tusi na itikadi, anamsikiliza nani? Swali hilo la mwisho peke yake ni shahada ya uzamivu nzima, na hutaliona kama umesoma sheria tu au dini tu.

Ndiyo maana ninasisitiza usome vyote viwili kwa dhati. Winnifred Sullivan, mmoja wa wanaoheshimika zaidi katika taaluma hii nchini Marekani, ana shahada ya sheria na pia uzamivu wa masomo ya dini. Huku kwetu, vitabu viwili vinavyotajwa sana kuhusu mahakama za kadhi, cha Susan Hirsch juu ya pwani ya Kenya na cha Erin Stiles juu ya Zanzibar, viliandikwa na wanaanthropolojia. Walikaa mahakamani wakasikiliza wanandoa wakieleza shida zao. Jifunze kwao subira hiyo, kisha ongeza kile ambacho mwanasheria anakiona: mamlaka ya mahakama, ushahidi, rufaa.

Soma hukumu yote, hasa kurasa za taratibu zinazochosha. Katika shauri la hijabu la shule moja ya Isiolo, Mahakama ya Rufani ya Kenya iliwakubalia wanafunzi wa Kiislamu mwaka 2016. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikauondoa uamuzi huo kwa sababu dai lenyewe halikuwa limewasilishwa mahakamani kwa njia sahihi. Anayeandika kwamba Mahakama ya Juu "ilipiga marufuku hijabu" amewapotosha wasomaji wake, na kosa kama hilo linatosha kumharibia msomi jina. Isome vilevile ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010: kadhi anasikiliza mambo ya hadhi binafsi, ndoa, talaka na mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka ya mahakama hiyo. Jiulize mjane anayebishana na shemeji zake juu ya mirathi anakubali vipi, lini, na mbele ya nani.

Hukumu nyingi utazipata bure kwenye mitandao ya TanzLII na Kenya Law. Majalada yenyewe yanataka miguu. Nyaraka za Taifa za Zanzibar zina kumbukumbu za mahakama zinazokwenda nyuma hadi enzi za usultani, baadhi zikiwa kwa hati za Kiarabu. Kwa hiyo jifunze Kiarabu mapema, na jizoeze kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati hizo. Kibali cha utafiti kiombe miezi kadhaa kabla: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, na Zanzibar ina utaratibu wake. Majina ya wanandoa yafiche hata kama jalada liko wazi kwa umma. Binti wa mtu bado anaishi mtaa uleule.

Taaluma hii haiishii kwenye Uislamu. Migogoro ya mali za makanisa, usajili wa jumuiya za dini, mwanafunzi wa Kirastafari aliyetetewa na Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2019 juu ya nywele zake: yote ni mashamba yanayosubiri jembe. Na dini yako mwenyewe usiifiche, wala usiitumie kama ushahidi.

Sasa ajira. Vyuo vinaajiri kwa idara, na idara ya sheria itataka shahada za sheria zenye alama za juu. Katika vyuo vya umma Tanzania, mara nyingi ni wastani wa 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa umahiri, kwa hiyo zilinde alama zako tangu mwaka wa kwanza. Tafuta wasimamizi wawili, mmoja wa sheria na mwingine wa dini au historia, na wakutanishe mapema wakubaliane juu ya mbinu za utafiti kabla hujaenda uwandani. Makala ya kwanza ipeleke kwenye jarida la sheria, ya pili kwa watu wa masomo ya dini. Journal of Law and Religion linawapokea wote. Andika kwa Kiswahili pia. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, na makadhi na mahakimu wanahitaji kukusoma.

Kwenye usaili, jopo litataka kujua utafundisha somo gani muhula ujao. Usitaje sheria na dini kwanza. Taja Sheria ya Katiba na Sheria ya Utawala, uwe na mihtasari yake mkononi, kisha waonyeshe ni wiki ya ngapi kesi ya Dibagula itaingia.