Unapeleka oda na gari lako binafsi? Andika kilomita

Leo tuongee gari.

Wengi wetu tunaouza mtandaoni tunapeleka oda na gari la nyumbani. Asubuhi mtoto shule, mchana mteja Mbezi, jioni msibani. Tenki ni lile lile moja. Sasa hapo gharama ya biashara ni ipi?

Mimi nilikuwa sijui. Nilitoza 3,000 kila oda nikijiona nina faida, lakini mwisho wa mwezi hela ya kununua bidhaa haionekani. Nikafika mahali namshuku hata dada anayenisaidia kufunga oda. Kumbe aliyekuwa anakula hela ni gari langu. Niliona aibu sana.

KODI KWANZA
Hapa Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu kutoa gharama ulizotumia kupata mapato ya biashara tu. Safari zako binafsi hazimo. Kutoka nyumbani kwenda dukani na kurudi ni safari binafsi. Faini ya trafiki nayo haitoki, hata kama ulikuwa unamuwahi mteja.

Ila hapa wengi tunakosea. Kama unalipa kodi ya makadirio (mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka), kodi inapigwa kwenye mauzo, sio kwenye faida. Risiti za mafuta hazitakupunguzia kitu. Zinamsaidia anayelipa kwa hesabu za faida na hasara. Kwa hiyo kabla hujaanza kukusanya risiti, jua uko kundi gani.

Basi kama niko kwenye makadirio, niandike za nini? Ili ujue bei yako. Na siku ukikua ukaingia kwenye mahesabu, ushazoea.

NAFANYAJE
1. Tarehe 1 piga picha ya dashibodi, namba ya kilomita ionekane. Mwisho wa mwezi piga nyingine.
2. Weka daftari ndani ya gari. Kila safari ya biashara andika siku hiyo hiyo: tarehe, ulikoenda, oda ngapi, kilomita ulizoanza na ulizomaliza. Usisubiri wiki iishe, utabuni.
3. Ukijaza mafuta dai risiti ya EFD. Ipige picha, maana wino unafutika. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5.
4. Gawanya.

MFANO
Mwezi mzima gari limetembea kilomita 1,200. Za biashara 780. Chukua 780 gawa kwa 1,200, unapata asilimia 65.

Gharama za gari mwezi huo:
Mafuta 360,000
Servisi 80,000
Pancha na kuosha 20,000
Bima kubwa (480,000 kwa mwaka, gawa kwa 12) 40,000
Jumla 500,000

Sehemu ya biashara ni asilimia 65, yaani 325,000. Hiyo 175,000 ni ya kwako na familia, usiitwishe biashara.

Sasa kama ulipeleka oda 65, gawa 325,000 kwa 65. Kila oda imekula 5,000. Wewe unatoza 3,000! Umepoteza 2,000 mara 65, sawa na 130,000 kwa mwezi, na bado hujahesabu gari linavyochakaa.

Mimi nilipoona hesabu kama hiyo nilifanya mambo mawili. Nilipanga siku za kupeleka kwa njia, siku ya Mbezi ni Mbezi tu. Na oda moja ya mbali nampa bodaboda, mteja analipia. Yule dada bado niko naye, na daftari sasa analijaza yeye.

Kesho kabla hujawasha gari, piga picha ya dashibodi. Anzia hapo tu.