Mashine ya Nazi Mbele ya Mkaguzi: Mafunzo Niliyopata Katika Kazi ya Hataza

Kazi yangu hapa Nairobi ni kuwaandikia wavumbuzi maombi ya hataza. Wengi wao ni mafundi wa jua kali, wachache ni wahadhiri. Maombi yaliyonifunza zaidi ni ya mzee mmoja wa Kilifi, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeunda mashine ya kukuna nazi bila kuparuza kifuu. Aliyewahi kukalia mbuzi ya kukunia nazi anaijua taabu yenyewe: ukikuna hadi mwisho, vile vipande vya kahawia vinaingia na tui halitoki jeupe.

1. Mkaguzi haioni mashine yako

Mzee alitaka kuja nayo kwa basi. "Wakiiona inavyokuna, watabisha nini?" Nikamwambia, "Mzee, hakuna wa kuitazama. Watasoma tu." Mkaguzi ana kompyuta na karatasi zetu: maelezo, michoro, muhtasari na madai. Uzito wote uko kwenye madai. Kila dai ni sentensi moja, hata ikijaza nusu ukurasa, na kazi yake ni ile ya bikoni za shamba: kuonyesha pako panaanzia wapi na panaishia wapi. Kwenye maelezo unaweza kusimulia upendavyo, lakini atakayekuiga kesho atapimwa kwa madai.

2. Ukaguzi wa kina huombwa

Taasisi ya Kenya inayotoa hataza, KIPI, huanza kwa kuangalia kama karatasi zimetimia: fomu, ada, michoro inayosomeka. Baada ya miezi 18 maombi hutangazwa. Ukaguzi wenyewe, ule wa kuuliza kama kitu kinastahili hataza, hauji bila kuitwa. Ni lazima uuombe na kuulipia ndani ya miaka 3 tangu siku ya kuwasilisha, la sivyo maombi yanahesabiwa kuwa yameachwa. Nimekutana na watu waliokaa wakingoja barua ambayo hakuna aliyekuwa akiiandika.

3. Upya ni wa dunia nzima

"Hakuna mwenye mashine kama hii kuanzia Lamu hadi Vanga," mzee aliniambia, na nilimwamini. Lakini mkaguzi haulizi habari za Lamu na Vanga. Anauliza kama kitu hicho kimewahi kuwekwa hadharani popote, kwa lugha yoyote, kabla ya tarehe yetu. Hutafuta kwa mafungu ya kimataifa ambayo ofisi nyingi za hataza huyatumia: vyombo vya jikoni viko A47J, mashine za kumenya matunda na mboga ziko A23N. Ukijua fungu lako, hata maombi yaliyoandikwa Kijapani unaweza kuyafikia kupitia michoro.

Mfano ninaopenda kuwapa wateja wa Pwani ni mwarobaini. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, hataza ya njia ya kuzuia ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Waliopinga, akiwamo mwanaharakati wa India Vandana Shiva, walileta ushahidi kwamba mafuta hayo yalikwisha kutumiwa India kwa kazi hiyohiyo. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Mkaguzi wa kwanza hakuwa mjinga. Maarifa ya mkulima hayamo kwenye hifadhidata mpaka mtu ayaandike na kuyatia tarehe, na hilo kwetu bado ni pengo kubwa.

Jambo jingine ni maonyesho. Mzee alikuwa ameshaiwasha mashine yake kwenye maonyesho ya kilimo, watu wakapiga picha. Sheria ya Kenya inamsamehe mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe, mradi awasilishe maombi ndani ya miezi 12. Ulaya haina msamaha mpana wa namna hiyo. Kwa hiyo mlango wa hataza ya huko alikuwa ameshaufunga kabla hatujajuana.

4. Barua ya pingamizi ni mwanzo wa mazungumzo

Barua ya mkaguzi ilipokuja nilimpigia mzee simu. Kimya, kisha: "Kwa hiyo wamenikatalia?" La. Karibu kila ombi hupata barua ya namna ile. Dai letu la kwanza (nalitafsiri, maana maombi huandikwa kwa Kiingereza) lilisema: mashine ya kukuna nazi yenye mota inayozungusha kisu, na springi inayokizuia kisu kisifike kwenye kifuu. Mkaguzi alileta hati mbili. Ya kwanza ilikuwa mashine ya nazi yenye mota na kisu. Ya pili ilikuwa mashine ya kumenya matunda, ambayo kisu chake hufuata ganda kwa msaada wa springi. Hoja yake: fundi wa kawaida wa fani hii, akiwa na hati zote mbili mezani, angeziunganisha bila kuumiza kichwa. Hakuna hatua ya uvumbuzi.

Nilimrudia mzee na swali moja: springi yako inagusa wapi? Akacheka. "Nje, mwanangu. Kisu kiko ndani, gurudumu liko nje, mgongoni mwa kifuu." Hapo ndipo palipokuwa na uvumbuzi. Mashine ya matunda hufuata upande uleule inaoukata. Ya mzee hupapasa upande wa pili na kuacha unene uleule wa kifuu kwa ndani, hata nazi ikiwa na umbo baya. Tuliandika upya dai lote tukalitaja gurudumu, mahali lilipo, na umbali usiobadilika kati yake na kisu. Dai likawa jembamba kuliko la awali. Mkaguzi akalikubali.

Tuliweza kufanya hivyo kwa sababu gurudumu lilikuwa limechorwa na kuelezwa tangu siku ya kwanza. Marekebisho hayaruhusiwi kuvuka kile ulichowasilisha mwanzoni. Ndiyo maana mimi humsumbua mteja kwa maswali mpaka ananichoka: parafujo hii ya nini, ungeweza kutumia mpira badala ya springi?

5. Njia ndogo nayo ni njia

Uboreshaji usiofikia hatua ya uvumbuzi unaweza kupata cheti cha modeli ya matumizi, cha miaka 10 nchini Kenya. Lazima uwe mpya na ufae viwandani, basi. Mafundi wengi wangefaidika zaidi na hiki kuliko hataza wanayoililia.

6. Hataza haivuki Horohoro

Cheti cha KIPI hakimzuii mtu wa Tanga, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Kwa Tanzania Bara utakwenda kwenye ofisi yao, BRELA, na Zanzibar ina sheria na ofisi yake. Au upitie ARIPO, shirika la kikanda lililoko Harare: ombi moja, unataja nchi unazozitaka, wakaguzi wao wanalipima, kisha kila nchi ina miezi 6 ya kusema kama inalikataa. Ukianzia Kenya, una miezi 12 ya kwenda kwingine ukiidai tarehe ileile ya kwanza.

7. Ada haziishi siku ya cheti

Hataza hudumu miaka 20 tangu kuwasilishwa, kwa sharti la ada ya kila mwaka. Ukiacha kulipa inakufa, na yeyote anaweza kuunda mashine yako. Mzee wa Kilifi bado analipa, kwa sababu mashine zake zinauzwa. Kama zako haziuzwi, fanya hesabu bila huruma.

Na kabla hujamlipa mtu kama mimi, ingia Espacenet au PATENTSCOPE, hifadhidata za hataza ambazo ni bure, utafute chombo chako mwenyewe.