Mashehe wa Ghuba na Ufunguo wa Mwingereza

Katika somo la historia tumezoea kusikia kwamba mkoloni alikuja, akachukua ardhi, akaweka gavana na kutoza kodi ya kichwa. Leo nataka niwaonyeshe ukoloni wa namna nyingine, ambao haukumpokonya mtu shamba. Huu ulichukua mlango tu. Basi tusafiri hadi Ghuba, kwenye pwani ya Waarabu yenye miji ya Abu Dhabi, Dubai, Sharjah na Ras al-Khaimah.

Waingereza walifika huko kwa ajili ya kulinda njia yao ya India. Wakadai kwamba watu wa pwani ile ni maharamia, na mwaka 1819 manowari zao zikaipiga Ras al-Khaimah. (Mtawala wa Sharjah, Sultan bin Muhammad Al-Qasimi, alitoa kitabu kizima mwaka 1986 kulikanusha dai hilo.) Mashehe walitia sahihi mkataba wa amani ya baharini mwaka 1820, kisha mwingine wa kudumu mwaka 1853.

Lakini mkataba uliouma hasa ni ule wa 1892. Humo kila shehe aliahidi kwamba hatapatana wala kuandikiana barua na dola lingine lolote isipokuwa Uingereza, hatakubali mjumbe wa serikali nyingine akae kwake bila idhini ya Mwingereza, na hatauza wala kuweka rehani ardhi yake kwa mwingine. Shehe alibaki na baraza lake na ushuru wake. Alikuwa mwenye nyumba, ila ufunguo wa lango anao jirani! Wenzetu wa Mombasa na Lamu watakumbuka kwamba Sultani wa Unguja naye alifungwa kamba kama hiyo mwaka 1890.

Je, biashara nayo ilikufa? La, hata kidogo. Lulu zilipelekwa Bombay, na pesa za Ghuba zilikuwa rupia za India. Mpiga mbizi alidaiwa na nahodha, nahodha akadaiwa na tajiri, na tajiri mara nyingi naye alikuwa na deni kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Majahazi nayo yalikuja kwetu na upepo wa kaskazi yakileta tende, yakarudi na kusi yamejaa boriti za mikoko ya Lamu za kuezekea nyumba, maana kwao miti ni ya shida.

Hapa nampa heko Shehe Maktoum bin Hasher wa Dubai. Mwanzoni mwa karne ya 20 Uajemi ilikaza ushuru katika bandari yake ya Lingah. Yeye akaufuta wa kwake, na wafanyabiashara wengi wakavuka maji wakahamia Dubai. Mkataba ulimzuia kuandika barua, haukumzuia kupunguza ushuru. Ujanja huo!

Balaa lilikuja baadaye. Mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka, na Wajapani nao walikuwa wakiuza lulu za kufugwa kwa bei rahisi. Pwani ile ikaona njaa. Mtu aliyeishiwa hutafuta mteja mwingine, sivyo? Mashehe hawakuweza. Tangu mwaka 1922 walikuwa wameahidi kwamba hata mafuta yakipatikana, hawatampa mtu haki ya kuyachimba isipokuwa aliyeteuliwa na serikali ya Uingereza. Kufuli lilikuwa limefika hadi chini ya mchanga, kabla hata ya tone moja kuonekana.

La ajabu ni kwamba Waingereza walipotangaza mwaka 1968 kuwa wataondoka, kulikuwa na mashehe waliojitolea kulipa gharama ili majeshi yabaki, kwa kuwaogopa majirani wakubwa. Wakakataliwa. Tarehe 2 Desemba 1971 falme sita zikaungana, na Ras al-Khaimah ikaingia Februari 1972. Siku saba tu baada ya muungano huo, tarehe 9 Desemba, wajumbe wao walipokewa katika Umoja wa Mataifa, bila kumwomba jirani ufunguo.