SOMO: MZIGO WA SAFARI YA JANGWANI

Someni: Kutoka 16:13–30, Kumbukumbu 8:2–4, Luka 10:1–4.

Tukisikia neno jangwa tunafikiri mchanga tu, nasi huku hatuna mchanga. Lakini jangwa la Waisraeli lilikuwa mahali pasipo shamba wala nyumba, ambapo mtu hula alichobeba au alichopewa. Basi jangwa letu ni pori la Walikale. Territoire ile ina kilometa mraba zaidi ya 23 000, na ukiacha barabara unaweza kutembea kutwa bila kusikia jogoo.

Mwezi wa saba 2018 tulitoka Masisi kwa miguu, watu saba, kwenda kuwaona waamini walio mbali. Nyabiondo, Kashebere, Kibua: vilima vya ng'ombe vikaisha, miti ikafunga. Tulibeba mno, na sababu tuiseme wazi: tuliogopa chungu cha wenyeji. Sisi Wakimbangu hatuli nguruwe wala makako, na porini mgeni huheshimiwa kwa nyama ya makako. Kwa hiyo kila kijana alibebeshwa kilo 20 za maharagi, na juu yake unga, sahani, hata viatu vizuri vya ibada (ambavyo tunavivua kila tunapoomba!).

Mvua haikujali kwamba ni kiangazi. Siku ya tatu maharagi yakaanza kuota na kunuka mifukoni, tukakumbuka mana iliyowekwa akiba. Kwenye barieri walihesabu mizigo, si watu, wakatutoza kama wachuuzi. Mchana kijana wetu mmoja aliteleza juu ya mti uliolazwa kuwa daraja, akaanguka majini na mfuko wake. Sisi mashemasi tulipiga kelele: maharagi! Alitoka mwenyewe, goti limepasuka. Hakuna aliyemwuliza kama ameumia mpaka jioni. Tuliliungama jambo hili mbele yake na mbele ya kundi lote, na bado linatuuma.

Katika miaka ya 2000 wachukuzi wa Bisie walitoa kasiterite porini, kilo 50 mgongoni, siku mbili hadi Njingala. Wao walitafuta mshahara. Sisi nani alituagiza?

Usiku ule tulifika kwa mama mmoja kabla hajawasha moto. Tulimweleza mwiko wetu mara moja, kwa upole. Akacheka, akasema ukoo wa mume wake nao una mnyama wasiyemla. Akapika sombe na ndizi, tukashiba. Wandugu, semeni mapema. Ukingoja mpaka sahani iko mbele yako, kukataa ni matusi.

Baadaye tulivuka mto Lowa. Maji hayo yanapoingia Lualaba, wakoloni Wabelgiji walikuwa na kambi ya kuwafungia waamini wa Papa Simon Kimbangu waliofukuzwa kwao. Yeye mwenyewe alikamatwa 1921, akafa kifungoni Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Waliofukuzwa hawakuchagua mzigo wa kubeba, hata hivyo imani haikufa huko.

Kundi lijalo litabeba blanketi, sabuni, dawa ya malaria, nguo ya kuogea na ya kulalia (amri mnaijua), Biblia moja kwa watu wawili, na chumvi ya kumpa mwenyeji. Mizigo itapimwa Jumapili baada ya ibada. Unaopita kilo 8 utafunguliwa mbele ya wote, tukianza na ya mashemasi.